Mwalimu Aliyeona Bahari

Kwenye avenue yetu, mtaa wetu wa pale Mikelenge mjini Kindu, kulikuwa na mtu mmoja tu aliyeona bahari, na hakuturuhusu kulisahau jambo hilo hata siku moja. Ukimwamkia na kumwambia jua limekuwa kali, atakujibu kwamba jua lenyewe liko kisiwani, hili la Kindu ni mabaki. Ukilalamika kwamba mvua imebomoa choo chako, atakueleza jinsi kule Unguja vyoo vilivyojengwa kwa mawe ya baharini tangu enzi za sultani, na mvua inavizunguka kwa heshima. Mimi nilikuwa mwanafunzi wake, kisha jirani yake, kisha muuguzi wa kumpima presha, na katika vyeo vyote vitatu nimelishwa Unguja mpaka nikavimbiwa.

Tulimwita Mwalimu. Jina alikuwa nalo, lakini hata mke wake alimwita Mwalimu, tena mbele ya watoto. Alifundisha jiografia shule ya sekondari. Kabla ya vita, treni ilipokuwa bado inafika Kindu bila kuombewa, alichaguliwa kwenda semina ya walimu huko kisiwani. Safari yenyewe ilipangwa hivi: ashuke kwa reli mpaka Kalemie, avuke ziwa kwa bateau mpaka Kigoma, apande reli nyingine mpaka pwani, halafu bahari. Avenue nzima ilimsindikiza stesheni. Aliporudi baada ya wiki nyingi, avenue nzima ilikuwa stesheni tena, na ngoma, na wamama wamevaa kitenge cha sare, na shefu wa avenue amejifunga tai. Hakuna aliyemuuliza kama alifika. Tulimwambia tu aeleze.

Akaeleza. Akaendelea kueleza kwa zaidi ya miaka ishirini.

Sasa, kila mtakatifu ana shetani wake, na shetani wa Mwalimu alikuwa Fundi wa baiskeli, ambaye karakana yake ilitazamana na nyumba ya Mwalimu. Fundi hakuamini. Alisema mtu hawezi kutoka Unguja bila picha hata moja, bila kofia, bila hata ganda la konokono wa baharini la kumwekea mtoto sikioni. Mwalimu alijibu kwamba watu wa semina hawaendi kuokota maganda. Hivyo avenue ikagawanyika: upande wa bomba la maji walimwamini, upande wa karakana walicheka. Na msifikiri ni mchezo. Mwalimu hakuwa na shamba kubwa, wala gari, wala ndugu Kinshasa. Heshima yake yote ilisimama juu ya kisiwa kile. Kwa sababu ya kisiwa aliketi kiti cha mbele kwenye harusi, kwa sababu ya kisiwa aliitwa kuamua ugomvi wa mipaka ya viwanja. Siku Fundi angethibitisha kwamba hakufika, Mwalimu angebaki mzee mwenye koti kuukuu na maoni mengi, na wa aina hiyo tunao wa kutosha.

Darasani alikuwa na ukali wa ajabu. Nakumbuka somo la pweza. Alimchora ubaoni kwa chaki, mkono baada ya mkono, na kwa kuwa ubao ulikuwa bado na nafasi, akaongeza. Tulipohesabu tukakuta mikono mingi kuliko ile ya kitabu. Mwanafunzi mmoja akainua kidole, akasema kitabu kinasema minane. Mwalimu akafuta kitabu, siyo ubao. Alituambia aliyeandika kitabu aliishi Ubelgiji, ambako pweza wanafika wamechoka. Tukaandika tisa. Kwenye mtihani wa dola tukaandika tisa vilevile, na wengine wetu bado wanaamini kwamba njo maana tulikosa diploma mwaka ule.

Kuhusu ukoloni alikuwa na elimu yake mwenyewe. Alisema Waarabu walijenga mji, Waingereza wakauchukua, na Wabelgiji nao walifika mpaka pale, lakini walipowakuta watu wameshaoga na kuvaa, wakaona hakuna kazi, wakarudi kwetu. Watu walipiga makofi kwa maneno haya, maana sisi wa Maniema tuna ugonjwa wetu. Kila nyumba ina babu aliyetoka pwani. Ukiuliza, babu alikuja na kanzu nyeupe, na msahafu, na Kiswahili safi, akiongoza msafara. Nimeishi Kindu maisha yangu yote na sijakutana na mtu hata mmoja ambaye babu yake alikuwa amefungwa kamba. Wote ni wajukuu wa walioshika ncha nyingine. Fundi mwenyewe, pamoja na ubishi wake wote, alikuwa na babu wa kanzu, na hapo tu ndipo yeye na Mwalimu walipopatana.

Chakula nacho kilikuwa shida. Mwalimu alitangaza kwamba samaki wa mto hawana akili, kwa sababu maji yanawasukuma upande mmoja tu na hawajifunzi kuamua. Barzani kwake, pale mbele ya nyumba anapokaa na wageni, alikuwa akisukuma sahani ya samaki wa Lualaba kwa kidole kimoja na kuomba sombe, majani ya mihogo. Lakini mke wake aliniambia, na sikuwa nimemuuliza, kwamba jikoni nyuma ya nyumba Mwalimu alimaliza samaki yule yule mpaka macho, akasafisha na miiba.

La kushangaza zaidi ni kwamba mtu huyu aliyevuka bahari hakuwahi kuvuka mto. Binti yake aliolewa Alunguli, ng'ambo ya pili, ambako ukisimama sokoni unaona mapaa ya nyumba zao. Hakwenda. Mjukuu alipozaliwa, hakwenda. Alituma salamu, alituma mchele, alituma kitenge, na mtoto ndiye aliyevushwa kwenye mtumbwi akiwa na siku chache, akilia, ili babu amtazame akiwa amesimama juu pakavu. Ukimwuliza, anapandisha mabega.

"Muntu aliyeona bahari," anasema, "ataenda kufanya nini ndani ya muto?"

Tulicheka, tukaona ni majivuno. Binti hakucheka. Siku moja alinishika mkono pale kwenye gati akaniambia baba yake anaona aibu ya nyumba ya udongo aliyoolewa. Nilimtuliza kwa maneno ambayo hata mimi sikuyaamini.

Kisha vita ikafika. Treni ikakoma, duka moja baada ya jingine likafungwa, na chumvi ikawa kitu cha kupimwa kwa kijiko cha chai. Tuliowahi kukimbilia porini tunajua bukari, ugali wetu, kwa mboga isiyo na chumvi inavyokataa kushuka kooni. Kule porini, kwenye mashamba ya njia ya Lokandu, Mwalimu aliwakusanya watoto chini ya turubai lililochanika akawafundisha bahari. Nyangumi anayepumua kwa kisogo. Kasa anayetaga mayai mchangani na kuondoka bila kuyaaga. Papa anayelala macho wazi. Na pwani yenyewe: wamama wanashuka asubuhi na ndoo zao, wanachota maji ya baharini, wanapika, wanakunywa, na ndagala, wale samaki wadogo kama dagaa, zimeanikwa mchangani mpaka jicho linapoishia. Watoto walisikiliza wakilamba midomo. Nilikuwa nimekaa nao, msichana mkubwa tayari, na ninasema wazi kwamba nilimpenda Mwalimu siku zile. Alituondolea njaa kwa saa nzima, na hakuna serikali iliyotufanyia hivyo, wala ile ya zamani wala ile ya waliokuja na bunduki.

Tuliporudi mjini, kila njia ilikuwa na kizuizi: kamba, kijana mwenye bunduki, na ushuru. Ukibeba mihogo unatoa mihogo, usipobeba kitu unatoa maelezo. Mwalimu alipofika kwenye kizuizi cha njia ya sokoni na kuulizwa anatoka wapi, alijibu kama kawaida yake, kuanzia Unguja. Akamweleza yule askari namna kaa anavyotembea upande. Askari akauliza kwa nini. Mwalimu akaonyesha kwa miguu yake mwenyewe, na koti lake, katikati ya barabara. Askari wengine wakaja. Wamama waliokuwa nyuma wakapita na vikapu vyao polepole, mmoja baada ya mwingine, na hakuna aliyewaita. Tangu siku hiyo, siku za soko, wamama wa avenue yetu hawakuondoka mpaka Mwalimu avae koti. Hata mke wa Fundi alipanga mstari. Fundi aliona, akaacha kejeli, akaendelea kuziba mpira.

Vita ilipoisha, wale wamama walisahau upesi, na Fundi akarudia wimbo wake. Miaka ikaenda. Mwalimu akaacha kazi, presha ikapanda, Unguja ikazidi kunenepa. Ilifika mahali sultani alikuwa amemkaribisha chai, ingawa kila mtoto wa shule anajua masultani waliondoka pale zamani. Nilimwambia, akasema huyo ni mwingine.

Hapo ndipo shirika lililokuwa likisaidia kituo chetu cha afya liliponiita na kuniambia kuna semina ya wauguzi, wiki moja, na mahali pa semina ni Unguja mjini. Sikujua kama nicheke au nilie. Habari ilinitangulia nyumbani. Nilipofika, avenue nzima ilikuwa imejaa mlangoni, pande zote mbili, na Fundi alikuwa amejifuta mafuta ya mikono kwa mara ya kwanza tangu nimjue. Alisema sasa tutajua. Hakusema kwa kelele, alisema tu, na Mwalimu, aliyekuwa amesimama karibu, akasema vizuri sana, njo vizuri kabisa, akaingia ndani na hakutoka siku ile. Nilipokwenda kumpima kesho yake, presha ilikuwa juu kiasi cha kunitisha. Hakunipa maagizo yoyote ya safari. Mtu aliyekuwa na maagizo kwa kila mtu.

Nikaenda. Nilifika Unguja, na niseme ukweli: ni pazuri, na hapafanani na kule tulikosimuliwa. Vichochoro vya Mji Mkongwe ni vyembamba hata watu wawili wanene hawawezi kupishana bila kujuana. Milango ina misumari ya shaba mikubwa mikubwa, na paka wamejaa, wanalala popote, na hakuna anayewafukuza. Bwawani nilimwona kasa, akanitazama kwa macho ya karani aliyechoka. Sokoni nilimwona pweza ametundikwa, nikamhesabu mikono, nikamsamehe Mwalimu.

Siku ya pili nilikwenda ufukweni. Nikachota maji kwa kiganja, kama tunavyofanya mtoni kwetu, nikanywa. Nikatema, nikakohoa mpaka vijana wa pale wakacheka. Kwa kweli nilijua bahari ina chumvi. Mwalimu mwenyewe ndiye aliyenifundisha, kutoka kitabuni. Lakini nilikaa mchangani, nikawakumbuka wale wamama na ndoo zao, wanachota, wanapika, wanakunywa. Ndagala zimeanikwa. Ndagala ni samaki wa ziwa, jamani. Miaka yote ile tulisikiliza, watu wazima na akili zetu, na hakuna aliyeshtuka, kwa sababu kwetu maji yakiwa mengi mtu anachota. Fundi naye hakushtuka. Alikuwa anatafuta picha na kofia.

Mwenye nyumba niliyopanga alikuwa bibi mzee, mfupi, mwenye sauti ya kuamrisha. Jioni moja alinikuta ukumbini akaniuliza natoka Kongo sehemu gani. Nikamwambia Maniema. Alikuwa anamenya vitunguu, akaweka kisu chini.

"Bibi yangu mzaa mama alikuwa Mmanyema," alisema. "Alikuja kwa miguu mpaka pwani. Alikuwa mtoto."

Hakueleza zaidi, na hakukuwa na haja, maana mchana ule ule semina ilitupeleka kuona vyumba vya chini ya ardhi, karibu na palipokuwa soko la watu, na nilikuwa nimeinama kupita kwenye mlango wake. Yule bibi alinishika uso kwa mikono yake yenye harufu ya vitunguu, akanigeuza huku na huku.

"Kumbe huko kwenu bado kuna watu," akasema.

Nililia, na sioni haya kusema. Kisha tukala.

Kwetu mtu akirudi safari hafungui mzigo mpaka awape majirani habari za njia. Hata uwe umetoka kuzika, unakaa kwanza, unasema. Nilipofika, viti vilikuwa vimepangwa mbele ya nyumba yangu, na Mwalimu amewekwa katikati kama mshitakiwa, koti limepigwa pasi, miguu imebanana. Alikuwa amekonda. Nilianza na ndege, nikaenda kwenye vichochoro, nikachelewesha kwa paka. Fundi alingoja mpaka nikakosa paka wa kutosha.

"Dada, tuache paka," alisema. "Ile kisiwa njo ile Mwalimu anasemaka, ao hapana?"

Nilimtazama Mwalimu, naye alikuwa anatazama viatu vyake. Nikakumbuka turubai lililochanika, nikawakumbuka wamama na vikapu vyao.

"Njo ile ile," nikasema. "Kila kitu, vile Mwalimu alitufundisha."

Upande wa bomba la maji ulipiga vigelegele. Fundi akainuka, akampa Mwalimu mkono mbele ya watu wote, tena kwa mikono miwili, akamwomba radhi. Nilitegemea Mwalimu atapanda juu ya kiti. Hakupanda. Alisema anasikia baridi, akaenda kulala, na jua lilikuwa bado kali.

Kesho yake alasiri aliniita nimpime presha. Alimtuma mke wake sokoni, akakunja mkono wa shati mwenyewe. Nilifunga kifaa, nikapampu, na wakati nasikiliza akaniuliza kwa nini nimefanya vile. Nikamwambia sijafanya kitu.

"Mwalimu, ile maji haiwezekani kunywa," nikasema baadaye, polepole.

Hewa yote ikatoka kwenye kifaa.

"Ya Kalemie inawezekana," akasema.

Basi akasema yote, na hakujitetea. Tiketi ilikuwa mkononi, bateau ilikuwa pale, wenzake wa miji mingine walikwisha kupanda. Aliona maji yanapanda na kushuka, yanapumua, na upande wa pili haupo. Miguu ikakataa. Alibaki Kalemie kwa ndugu ya mke wake, kila siku anashuka ufukweni na kujiambia kesho, mpaka semina ikaisha na wenzake wakaanza kurudi. Akapanda treni akiwa na nia ya kutuambia ukweli. Aliifanyia mazoezi ile hotuba njia nzima.

"Kufika stesheni," akasema, "munanipigia ngoma."

Halafu akafuta uso kwa kiganja, akavuta kiti karibu, akaniambia nisimulie. Siyo ile ya jana, ya kweli. Nilimsimulia mpaka mke wake akarudi kutoka sokoni, akapika, akatukuta pale pale. Aliuliza harufu ya bahari. Aliuliza kama kelele zake zinaacha saa ya kulala. Nilimweleza maji yanavyoondoka na kuacha mitumbwi imelala ubavu kwenye tope, kisha yanarudi na kuisimamisha, akacheka peke yake. Nilipomsimulia yule bibi wa vitunguu, hakucheka. Aliniuliza mara mbili kama ni kweli yule mtoto alitembea kwa miguu. Alitoka nje, akasimama akiwa amenipa mgongo.

Siku chache zilipita. Asubuhi moja nilikuwa nakwenda kazini, nikasikia sauti yake kwenye karakana ya Fundi. Mwalimu ameketi kwenye benchi la wateja, watu wamejaa, mitumbwi imelala ubavu kwenye tope. Nilisimama. Alikuwa anaieleza vizuri kuliko nilivyomweleza mimi, na tope lake lilikuwa na rangi. Alipofika mahali maji yanaporudi, akasema yanarudi na mlio wa kitenge kikichanwa. Nikajisahau, nikasema mbele ya watu kwamba yanarudi kimya kabisa.

"Wewe ulikaa kule wiki moja," Mwalimu akanijibu bila kugeuka. "Haukuona muzuri."

Ndipo akasema kwamba kule kisiwani kuna bibi mmoja, ana nyumba ya wageni, na bibi yake mzaa mama alikuwa mtu wa kwetu. Hakwenda kwa treni wala kwa bateau. Alikwenda kwa miguu, kutoka huku, msituni kwetu, mpaka baharini, akiwa mtoto, shingoni amefungwa kamba pamoja na wengine. Aliyesema maneno haya hakuwa na ile sauti yake ya kisiwani. Mtu mmoja aliyekuwa ameanza kucheka, kwa mazoea, aliacha.

Fundi alikuwa na spana mkononi. Aliuliza yule mtoto alikuwa wa upande gani, Pangi, Kasongo, wapi.

"Hawajui," Mwalimu alisema. "Anaweza kuwa wa kwangu. Anaweza kuwa wa kwako."

Nilingoja Fundi ataje babu wa kanzu. Hakumtaja. Aligeuza gurudumu lililokuwa mbele yake, likazunguka, akalisimamisha kwa kidole.

"Sasa Mwalimu," akasema, chini chini, "ile yote, mbona haukutuambiaka tangu zamani?"

Mwalimu akafunga vifungo vya koti lake.

"Mulikuwa munaniuliza samaki tu," akasema.